Mvua za kwanza Kivu Kusini: msimu umefika, ao ni vumbi tu linaoshwa?

Mwishoni mwa mwezi wa nane, mtu akisimama Nguba ao Muhumba na kutazama upande wa ziwa, mara nyingi milima ya ng'ambo haionekani vizuri. Ni vumbi la barabara lililochanganyika na moshi. Moshi huo unatoka kwenye vilima vyetu vinavyochomwa, na mwingine unaletwa na upepo kutoka mbali, kwenye mbuga za kusini ambako moto wa nyasi unawaka kiangazi chote. Kisha mchana mmoja radi inalia upande wa Kabare, mvua inapiga nusu saa, na kesho yake Idjwi inaonekana kama imesogea karibu.

Hapo ndipo ulizo linaanza, sokoni Kadutu na vilimani Walungu: "Mama, mvua imeisha kuja, tupande?" Ni ulizo la pesa. Familia nyingi zina kilo chache tu za maharagi zilizowekwa kwa ajili ya msimu A, ule unaopandwa Septemba na kuvunwa karibu na Januari. Mbegu zikioza ao zikikauka ardhini, lazima kununua zingine, na Septemba ndiyo wakati bei ya maharagi iko juu kwa sababu kila mtu anatafuta.

Kwa nini kiangazi kinaisha

Mvua za eneo letu zinafuata jua. Kati ya mwezi wa sita na wa nane jua la utosini liko kaskazini ya ikweta, na mkanda wa mawingu mazito unakaa huko pamoja nalo, juu ya Sudani na Etiopia. Sisi tunabaki na upepo mkavu wa kusini-mashariki. Septemba jua linarudi. Tarehe 22 ao 23 linapita juu ya ikweta, na kwa kuwa Bukavu iko nyuzi 2 na nusu tu kusini ya ikweta, kabla ya mwezi kuisha linakuwa juu ya vichwa vyetu. Mkanda wa mawingu unalifuata ukichelewa kidogo, huku hewa yenye unyevu kutoka msitu wa Kongo, upande wa magharibi, ikipata nafasi ya kuvuka milima.

Lakini mkanda huo haufiki siku moja kama basi. Unakuja, unarudi nyuma, unakuja tena. Mvua za mwisho wa Agosti mara nyingi ni hizo za kuja na kurudi: mbili tatu kubwa, halafu siku kumi za jua kali. Mharagi uliochipuka siku ya tano unakufa siku ya kumi na mbili. Wazee wa vilimani wanaijua mvua hiyo na wanaiita ya kufuta vumbi. Hawakosei.

Kipimo ambacho wataalamu wa Afrika ya Mashariki wanatumia sana ni hiki: msimu umeanza pale mvua inapofikisha milimita 20 ndani ya siku tatu, na wiki tatu zinazofuata zisiwe na siku saba mfululizo bila mvua. Milimita 20 si neno la ofisini tu. Ni sawa na bido moja ya litre 20 iliyomwagwa juu ya mita moja ya mraba ya shamba. Mkopo wenye kuta zilizonyooka, ukiwekwa mahali wazi mbali na mti na mabati, unatosha kupima: maji yakifika sentimita 2 kwenye rula ya mtoto wa shule, sehemu ya kwanza imetimia. Sehemu ya pili ndiyo ngumu, maana hakuna anayeona wiki tatu mbele. Ndiyo maana wengine wanagawa mbegu: nusu kwenye mvua nzuri ya kwanza, nusu siku kumi baadaye. Mavuno hayaji pamoja, na kazi ya kulima inakuwa mara mbili, lakini hakuna siku ambayo nyumba inapoteza mbegu zote.

Jimbo moja, misimu kadhaa

Tangazo la "Kivu Kusini" peke yake halimsaidii mkulima. Bukavu iko karibu mita 1.500 juu ya bahari, kati ya ziwa na milima, na mvua zake zinaanza Septemba. Shabunda na sehemu za Mwenga, ndani ya msitu, zinapata mvua karibu mwaka mzima, hata Julai. Tambarare ya Ruzizi ni kinyume: iko chini, ina joto, milima inaikinga, na mvua yake inachelewa hadi Oktoba. Mtu wa Luvungi akipanda kwa kuwa ndugu yake wa Kabare amepanda, amejitafutia hasara.

Ziwa lenyewe lina kazi yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo unatoka ziwani na kupanda milima; mawingu yanajengwa juu ya Kabare na Kahuzi, na mvua inapiga huko mchana. Usiku hewa baridi inateremka na kukutana juu ya maji, na dhoruba zinazaliwa ziwani. Hiyo ndiyo saa wavuvi wa sambaza wako kazini na taa zao na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Kwao hatari ya Septemba ni upepo wa ghafla unaotangulia mvua, dakika chache kabla ya tone la kwanza. Wingu jeusi linalowaka umeme upande wa mlima ni alama ya kurudi pwani, hata kama wavu bado ni mwepesi.

Kwa wasafiri wa Minova na Goma, hali ya hewa ni sehemu moja tu ya habari. Boti iliyozama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, na kuua makumi ya watu, ilikuwa imejaa kupita kiasi. Chombo kama hicho hakihitaji hata dhoruba.

Radi ya Kabare

Watu wa hapa wanasema radi zetu ni nyingi kuliko za kwengine. Ni kweli, na imepimwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, kwa kutumia satelaiti iliyohesabu radi tangu 1998 hadi 2013, uliweka ziwa Maracaibo la Venezuela mbele ya dunia yote, na Kabare nafasi ya pili: zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kampene, katika Maniema, ilikuwa ya tatu, na Sake ya tano. Milima, ziwa na hewa ya msitu vinakutana hapa, basi. Radi inapopiga nyumba ao darasa na jirani mmoja akaanza kutajwa kwamba ameituma, afazali hesabu hiyo ikumbukwe kabla ya kijana yeyote kushika jiwe.

Asilimia zinasema nini

Kila mwaka karibu na Agosti vituo vya hali ya hewa vinatoa utabiri wa Oktoba hadi Desemba. Kwa Kongo kazi hiyo ni ya METTELSAT. Kituo cha ICPAC cha Nairobi kinahudumia nchi 11, Rwanda na Burundi zikiwemo, lakini Kongo haimo. Hata hivyo ramani ya Rusizi ya ng'ambo inaweza kumpa mtu wa Ibanda fununu nzuri, kwani mawingu hayaombi jeton ya kuvuka mpaka.

Tatizo ni namna tunavyoisoma. Mfano, utabiri ukisema asilimia 45 mvua juu ya wastani, 35 kawaida, 20 chini, wengi wanasikia "itanyesha sana". Sivyo. Inamaanisha kwamba kuna nafasi 55 juu ya 100 isinyeshe zaidi ya kawaida. Tena utabiri huo unahesabu jumla ya miezi mitatu. Hausemi kama Septemba itakuwa na pengo la siku kumi. Kwa kupanda, utabiri wa siku tano ao saba una faida zaidi, na unatakiwa kusikilizwa upya kila wiki.

Bahari nazo zinaamua mengi. Mwisho wa 2019 upande wa magharibi wa bahari ya Hindi ulikuwa na joto la ajabu, mvua zikapita kipimo Afrika ya Mashariki yote, na ziwa Tanganyika likapanda hadi maji yakaingia nyumba za Uvira na Bujumbura miaka iliyofuata. Kwa Bukavu alama ya bahari ni hafifu kuliko Kenya, maana sisi tunakula pia mvua za msitu.

Mjini, mvua ya kwanza ina kazi nyingine: inakusanya chupa na mifuko ya miezi mitatu, inaisukuma kwenye mto Kawa, ziwani, hadi kwenye barrage ya Ruzizi ya kwanza, ambako plastiki inaziba njia ya maji na umeme unapungua. Maji hayo machafu yanafika pia kwenye vyanzo vya kuchota, kwa hiyo wiki za kwanza ni za kuchemsha maji bila kukosa.

Kuhusu maporomoko, Septemba kwa kawaida siyo mwezi mbaya zaidi, kwa sababu udongo bado umekauka na unameza. Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, ziliangamia Mei 2023, zaidi ya watu 400, mwishoni mwa msimu na ardhi ikiwa imeshiba. Funu nayo inateleza polepole miaka mingi. Mwenye nyumba huko anaweza kutumia wiki hizi kavu kufungua mifereji na kutazama ufa kwenye ukuta: aweke alama ya kalamu mwanzo na mwisho wake, na tarehe pembeni, kisha aangalie tena Oktoba kama ufa umepita alama.