Usimuue Kiwavi wa Mndimu: Fuga Vipepeo Nyumbani

Familia zetu nyingi hapa Oman na nchi jirani hazikosi mndimu, ama uani ama kwenye chungu pale roshani. Joto likipungua, majani machanga yanachipua, na mara unaona yametafunwa. Ukitazama vizuri utaona kitu mithili ya kinyesi cha ndege kimekaa juu ya jani. Wengi hukimbilia dawa. Subiri kwanza! Huyo ni kiwavi, na ile sura ndiyo kinga yake, ndege wasimle. Akikua hugeuka kijani. Ukimgusa hutoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Ukimwacha atakuwa kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano na doa jekundu kwenye bawa la nyuma.

Mti mkubwa huvumilia viwavi wachache bila taabu. Mche mdogo ndio unaoumia, basi wahamishie ndani.

Namna ya kuwafuga

Chukua boksi la plastiki, funika juu kwa kipande cha chandarua. Weka kitawi cha mndimu ndani ya kichupa cha maji, na mdomo wa kichupa uzibe kwa pamba, kiwavi asije akazama. Kila siku badilisha majani na ondoa uchafu. Usiliweke boksi juani wala mbele ya AC. Majani ya dukani au ya mti uliopigwa dawa yatawaua, usiyatumie.

Kiwavi akishiba hujifunga kwa uzi kwenye kijiti na kuwa kifukofuko. Hapo msimguse. Kuanzia yai mpaka kipepeo ni kama mwezi mmoja, na siku za baridi huzidi. Akitoka, mabawa yamejikunja na huenda akadondosha maji yenye rangi. Si damu, watoto wasiogope. Mpeni saa chache mabawa yakauke, kisha mwachieni.

Bustani ya kuwaita

Kipepeo anahitaji mimea ya aina mbili: wa kutagia na wa kunyonya maua. Mkunazi, yaani sidri, hulisha viwavi wa vipepeo wadogo wa buluu. Ule mmea wa mabondeni unaoitwa ushar kwa Kiarabu hulisha kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, ambaye Unguja na Mombasa pia yupo. Lakini utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho, kwa hivyo nyumba yenye watoto wadogo isiupande. Kwa maua, mrehani unatosha kuanzia: uacheni utoe maua, msiuchume wote. Ongeza sahani ya mchanga uliolowana, vipepeo wanywe.

Kwetu pwani wapo wanaoishi kwa kazi hii. Huko Gede, Kenya, tangu 1993 wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo, na vifukofuko huuzwa ng'ambo. Msitu ukikatwa, riziki imekwenda.

Sisi hatuuzi kitu. Ila watoto wetu wanakulia kwenye fleti, madirisha yamefungwa. Skuli watafundishwa farasha. Maneno kiwavi, kifukofuko na kipepeo watayapata kwako tu. Leo jioni, kabla hujashika dawa, mwite mtoto mkautazame mndimu pamoja.