NANI ATALINDA MTAMBO ULIOACHWA NA MTENGENEZAJI?

Askari yeyote aliyepata kushika silaha ajua kwamba bunduki haifi siku kiwanda kinapoacha kuitengeneza. Hufa siku vipuri vinapokwisha katika bohari, na fundi aliyeijua anapostaafu. Ndivyo zilivyo programu zinazoendesha seva, yaani kompyuta kuu zinazohifadhi masijala, mishahara na taarifa za majeshi na polisi. Programu haichakai kama chuma, lakini nyufa mpya hugunduliwa ndani yake ambazo adui aweza kupenya. Mtengenezaji akiisha kutangaza mwisho wa matunzo, nyufa hizo hazizibwi tena, na lango hubaki bila mlinzi.

Hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kulipa. Mwezi Juni 1915 haikuwepo kompyuta, lakini Juni 2015 Jeshi la Majini la Marekani lilitia sahihi mkataba wa dola milioni 9.1 na kampuni ya Microsoft, ili liendelee kupewa viraka vya usalama vya programu zilizoachwa au zilizokaribia kuachwa, Windows Server 2003 ikiwa mojawapo. Fundi wa nje hakuweza kuifanya kazi hiyo, kwani maandishi asili ya programu hizo ni siri ya kampuni. Ubaya wa hali hiyo ulidhihirika tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani na kuvuruga hospitali za Uingereza. Kiraka cha programu zilizokuwa zikitunzwa kilikwisha kutolewa mwezi Machi. Wenye Server 2003 wasiokuwa na mkataba walikipata baada ya shambulio kuanza.

Njia ya pili ni kutegemea umma wa mafundi. Mwaka 2004 mafundi wa kujitolea walianzisha CentOS, mfumo wa seva uliojengwa kwa maandishi ya wazi ya kampuni ya Red Hat na kugawiwa bila malipo. Mwaka 2014 Red Hat yenyewe iliupokea mradi huo. Kisha, tarehe 8 Desemba 2020, ikatangazwa kwamba CentOS 8, iliyotazamiwa kutunzwa hadi 2029, ingekoma tarehe 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ya matunzo ikafutwa kwa tangazo moja.

Hata hivyo, maandishi yalikuwa wazi. Kampuni ya CloudLinux ikatoa AlmaLinux mwezi Machi 2021. Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, akakusanya mafundi wakatoa Rocky Linux mwezi Juni, kwa jina la kumkumbuka mwenzake marehemu, Rocky McGaugh. Wenye seva wakapata pa kuhamia kabla ya siku ya mwisho. Red Hat ilipoibana njia ya kupata maandishi hayo mwezi Juni 2023, AlmaLinux ilibadili utaratibu wake wa kazi, ikaendelea.

Tusidhani, basi, kwamba cha bure hakina gharama. Mtu wa kujitolea hawekwi lindoni kwa amri, akichoka, aondoka. Kampuni yenye mkataba yaweza kudaiwa wajibu wake, lakini nayo yaweza kupandisha bei au kufunga duka. Wenye mfumo wa Debian wameziunganisha njia hizi mbili. Tangu 2014 mashirika huchanga fedha kupitia kampuni ya Freexian, na mafundi hulipwa kutunza matoleo ya zamani, huku maandishi yakibaki mali ya wote. Jandarmeri ya Ufaransa nayo ilianza mwaka 2008 kuingiza Ubuntu katika kompyuta zake, ikajitengenezea toleo lake liitwalo GendBuntu.

Kwa hiyo swali kuu kwa kila kamanda si kama programu ni ya kulipiwa au ya bure. Ayaulize haya matatu kabla ya seva kuingia kambini: Matunzo yake yatakoma tarehe gani? Maandishi yake yako mikononi mwa nani? Na katika kikosi chetu, nani amefunzwa kuirekebisha au kuihamisha siku hiyo itakapofika? Majibu yaandikwe katika daftari la bohari, kando ya hesabu ya risasi.