Usiku wa Kwanza wa Paka Mchanga

Mtoto wa paka aliyetenganishwa na mama yake asubuhi huweza kushinda kutwa nzima bila kulalamika, kisha akaanza kulia mara taa zinapozimwa. Mchana kulikuwa na watu wa kumbeba, pembe za kunusa na miguu ya kukimbiza. Usiku hakuna kinachomsahaulisha kwamba yuko peke yake. Kilio hicho baadhi ya watu hukichukulia kuwa ni udeko, wengine njaa. Wale humfungia jikoni, hawa humwekea kisahani cha maziwa. Aghalabu pande zote mbili hukosea.

Kilio chenyewe kina kazi yake. Mtoto wa paka huzaliwa haoni wala hasikii, na kwa wiki tatu hivi za mwanzo mwili wake hauwezi kujitunzia joto. Akibiringika nje ya kiota hupoa upesi, na hapo hulia kwa sauti kali mpaka mama amfuate na kumrudisha. Akiwa kiotani, amebanana na ndugu zake, hukaa kimya hata mama anapokwenda kutafuta chakula. Kimya hicho ni kinga. Kimburu, paka mwitu wa Afrika ambaye paka wa nyumbani ametokana naye, huwaacha watoto wake mafichoni anapowinda, na anayepiga kelele humwonyesha adui mahali alipo. Basi paka mchanga anayelia usiku katika nyumba ngeni anatoa taarifa moja tu: yuko nje ya kiota. Kinachotakiwa ni kumtengenezea kiota kingine. Kumkemea hakujibu taarifa hiyo.

Kazi hiyo huwa nyepesi au nzito kutegemea umri wake. Umri wa chini unaofaa kumtoa kwa mama ni wiki 8, na wiki 12 ni bora zaidi, kwa kuwa katika wiki hizo za kati ndugu hufundishana kwa kucheza kiasi cha kuuma na kukwaruza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya maelezo ya wamiliki wa karibu paka 6,000, uliwakuta waliotengwa na mama kabla ya wiki 8 wakiwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kuwa wakali kwa wageni. Paka wa kuokotwa sokoni au mtaroni haji na tarehe ya kuzaliwa, lakini mizani ya jikoni husaidia: kwa mtoto mwenye afya, kila gramu 100 ni karibu wiki moja ya umri katika miezi miwili ya mwanzo. Mwenye gramu 300 bado ni wa kunyonya. Huyo anahitaji maziwa maalumu ya watoto wa paka kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na malezi yake ni somo jingine.

Kwa aliyefikisha wiki 8, kiota kizuri ni boksi la karatasi ngumu lililolazwa ubavu, au lililotobolewa mlango upande mmoja, kwa sababu paka hujiona salama penye paa na ukuta wa nyuma. Ndani hutandikwa kitambaa chakavu. Kitambaa bora kuliko vyote, na ambacho watu wengi husahau kukiomba, ni kile walicholalia mama na ndugu zake. Pua ya paka ndiyo inayomwambia kama mahali ni kwake. Kipande cha kanga kuukuu chenye harufu ya kiota kitamtuliza kuliko godoro dogo jipya la dukani. Kisifuliwe katika wiki ya kwanza, hata kama kinaudhi macho.

Joto hutegemea mahali. Dar es Salaam au Mombasa, boksi na kitambaa hutosha karibu mwaka mzima. Njombe, Mbeya au Limuru mwezi wa Julai ni habari nyingine: chupa ya plastiki iliyojazwa maji ya uvuguvugu, ikafungwa barabara na kuviringishwa kwenye soksi nzito, huwekwa upande mmoja wa boksi ili paka aweze kuisogelea au kuikimbia. Jiko la mkaa lisitumike kupasha joto chumba kilichofungwa, kwani gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi inayotoka humo huua watu sembuse paka. Hata jiko lililozimwa lifunikwe. Majivu yenye vuguvugu humvutia paka mchanga, na makaa yaliyojificha chini yake humuunguza nyayo.

Nyumba nzima ni kubwa mno kwa usiku wa kwanza. Chumba kimoja kinatosha, nacho kiwe kile anacholala mtu, si bafu wala stoo. Hapa walezi hugawanyika: wapo wanaoshikilia kwamba paka akilazwa chumbani mara moja hatatoka tena. Hofu hiyo ina ukweli kidogo, ila inatatulika. Boksi huwekwa kando ya kitanda, mahali mkono unapofika. Akilia, mkono huteremshwa, anaguswa, anasikia pumzi, anarudi kulala. Baada ya siku kadhaa za utulivu boksi husogezwa hatua chache kila usiku mpaka lifike linapotakiwa kukaa. Wakichukuliwa ndugu wawili pamoja, sehemu kubwa ya shida hii haitokei kabisa.

Kumlaza kitandani kwenyewe kuna matatizo, na la kwanza ni chandarua. Paka mchanga hupanda wavu wa chandarua hadi juu, hunasa kucha, hupiga kelele, na asubuhi mbu wana milango mipya. Kuna la hatari zaidi. Permethrini, dawa ya kuua wadudu iliyobuniwa kwa mfano wa sumu ya pareto, ni kali sana kwa paka kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja kama la mbwa au la binadamu linavyofanya. Chandarua kilichochovywa dawa kikaushwe kabisa kabla paka hajakikaribia, na dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa isimguse hata tone. Kutetemeka na kudondosha mate baada ya kupakwa dawa ya namna hiyo ni dharura ya daktari wa mifugo usiku uleule.

Choo huwekwa katika chumba hichohicho: beseni pana lenye ukingo mfupi, mchanga mkavu au maranda ya mbao ndani yake, mbali na chakula. Paka wengi hulia usiku kwa kutojua pa kwenda haja. Kumweka ndani ya beseni mara baada ya kila mlo humfundisha kwa siku moja au mbili. Kinyesi kiondolewe kila siku, na mjamzito asiifanye kazi hiyo, maana mayai ya kimelea cha toksoplasma yanayotoka na kinyesi cha paka huanza kuambukiza baada ya siku moja hadi tano.

Chakula kina nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani, lakini si maziwa. Uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua mtoto anapoachishwa kunyonya, na maziwa ya ng'ombe, ambayo kila hadithi ya watoto humpa paka, mara nyingi humletea kuharisha saa nane za usiku. Ugali uliolowekwa mchuzi nao humjaza tumbo bila kumlisha: paka ni mla nyama halisi, na taurini anayoihitaji kwa macho na moyo haimo kwenye nafaka. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, maini kidogo, kuku aliyetolewa mifupa, au chakula cha dukani cha paka wachanga, vigawanywe katika milo minne, na wa mwisho uwe mkubwa kuliko mingine.

Saa ya mlo huo wa mwisho ndiyo siri ya usiku mtulivu. Paka huchangamka zaidi machweo na alfajiri, na mpangilio wa silika yake haubadiliki: huvizia, hukamata, hula, hujilamba, hulala. Mlezi huweza kuuchezesha mpangilio huo kwa manufaa yake. Kuanzia saa tatu usiku paka achezeshwe kwa robo saa na unyoya uliofungwa kwenye kijiti, aukimbize na kuukamata kwelikweli, kisha alishwe papo hapo. Atajilamba na kusinzia. Kijiti na uzi wake vifungiwe kabatini, kwani uzi uliomezwa huweza kukunja na kukata utumbo. Vidole visitumike kamwe kama windo. Mchezo unaofurahisha wiki ya 8 huwa majeraha mwezi wa sita.

Alfajiri atalia tena, mara nyingi kuanzia saa kumi. Hapo inabidi kutofautisha. Katika usiku wa mwanzo kilio hujibiwa, kwa kuwa ni cha upweke na baridi. Baada ya wiki moja au mbili, paka aliyeshiba, mwenye choo safi na afya njema, anayelia ili kifungua kinywa kiletwe, asijibiwe mpaka saa ya kawaida ya kuamka. Atazidisha kelele kwa siku chache kabla ya kuacha. Kukubali siku moja na kukataa siku mbili ndilo kosa baya kuliko yote: humfundisha kwamba ukilia vya kutosha, mlango hufunguka.

Kuna kilio kisichohusiana na mazoea. Paka mchanga aliyekataa chakula kwa siku nzima, anayetapika, anayeharisha maji, au mwenye ufizi mweupe kwa kunyonywa damu na viroboto, hangoji asubuhi ya pili. Dawa ya minyoo na chanjo za mwanzo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa inayotolewa kuanzia miezi mitatu hivi, hupangwa na daktari ndani ya wiki ya kwanza. Akimng'ata mtu kabla ya hapo, hasa aliyeokotwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeng'atwa afike kituo cha afya.

Kelele za usiku zikirudi mwezi wa nne au wa sita wa umri kwa paka jike, ndefu na nzito, akijigaragaza sakafuni na kuinua kiuno, huo si upweke tena. Amefikia kuhitaji dume, na karibu na ikweta, ambako mchana haufupiki vya kutosha kusimamisha uzazi wake, hali hiyo hurudi kila baada ya wiki chache mwaka mzima mpaka ashike mimba au afungwe kizazi.