Malaria ya Kifungua Mimba

Mja mzito wa Gede, pwani ya Kenya, akiambiwa ana malaria, swali lake la kwanza huwa la mtoto: je, atazaliwa nayo? Jawabu limo katika rekodi za hospitali ya jirani. Kuanzia Januari 2002 hadi Desemba 2009, watafiti waliwafuatilia watoto wachanga waliolazwa Hospitali ya Wilaya ya Kilifi, kusini mwa Gede kwa barabara ya Mombasa. Walikuwa 5,114. Waliopimwa damu ni 4,790, na waliokutwa na vimelea vya malaria ni 18 tu. Kati yao, 11 walikuwa bado hawajamaliza wiki moja duniani. Kimelea kikiletwa na mbu hukaa kwanza kwenye ini kama wiki moja kabla ya kuingia katika damu, kwa hiyo hao 11 walikipata kwa mama.

Miaka minane, katika pwani isiyokosa mbu! Uchache huu una sababu. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Hupitana ndani ya kondo la nyuma, kila moja upande wake wa utando mwembamba. Chakula na hewa huvuka, chembe za damu, zinazobeba vimelea, hazivuki ila utando ukipata nyufa, hasa wakati wa uchungu. Na hata zikipenya, mtoto hakuja mikono mitupu: kinga ya mamake imemtangulia, na damu ya kichanga ina himoglobini ya namna nyingine ambayo kimelea hakistawi vyema ndani yake.

Lakini kimelea hakilazimiki kuvuka ndipo kimdhuru mtoto. Falsiparamu, aina ya malaria iliyotapakaa huku kwetu, huzifanya chembe nyekundu zinate kwenye kondo, zikajazana pale pale panapopita riziki ya mtoto. Mwanamke aliyekulia Gede ameumwa na mbu tangu utotoni na mwili wake umeizoea malaria. Malaria ya kondo, hata hivyo, ni ngeni kwake katika mimba ya kwanza, maana hajawahi kuwa na kondo. Ndiyo sababu kifungua mimba huumia kuliko wadogo zake. Mimba za baadaye huukuta mwili umekwisha kumjua adui.

Ubaya wake ni kujificha. Mama hana homa, tone la damu la kidoleni halionyeshi kitu, na kondo limejaa vimelea. Damu yake hupungua kimya kimya, na mtoto huzaliwa hajafika kilo 2.5. Hao wasiotimia uzito ni wengi kuliko wanaozaliwa na malaria yenyewe, ila hakuna anayeandika "malaria" kwenye kadi zao.

Kwa hiyo muuguzi wa kliniki anapokupa vidonge vitatu vya SP vya kukinga malaria, umeze mbele yake, hakuoni mgonjwa. Dawa hiyo huanza mimba ikipita wiki 12, kisha hurudiwa mwezi ukitimia, mara tatu au zaidi hadi kujifungua. Anayetumia septrini kwa ajili ya virusi vya ukimwi hapewi, kwani dawa hizo mbili zinagongana. "Sina homa, nameza ya nini?" ni swali ninalolielewa, lakini homa siyo kipimo hapa. Neti nayo isingoje masika.

Na mtoto wa siku tatu akichemka, akakataa titi, macho yakawa manjano? Bibi atasema nyuni, muuza dawa atasema malaria. Kwa kuwa hesabu ile ya Kilifi inaonyesha malaria ni adimu kwa vichanga, mshukiwa wa kwanza ni bakteria kwenye damu, na tiba yake ni sindano za hospitalini siku hiyo hiyo. Watafiti wale walishauri kichanga mgonjwa apimwe malaria, lakini hawakuunga mkono apewe dawa yake kwa kubahatisha, hata hapa pwani.