Kioo Kikijibonyeza Chenyewe, Angalia Chaja

Simu iko kwa chaja, unataka kutuma kodi ya nyumba, na kioo kinaanza kujibonyeza chenyewe. Umebonyeza 5, imeandika 8. Tunapigiwa simu na wateja wanaodhani wamedukuliwa, au kwamba programu yetu ina shida. Sisi huuliza kwanza: umechomeka chaja gani?

Chaja hushusha umeme wa ukutani, volti 240, hadi volti 5 hivi. Ili kufanya hivyo, huuwasha na kuuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na hapo ndipo hutoka kelele ya umeme, ile inayofanya redio ikwaruze ikiwa karibu. Chaja nzuri ina vipuri vya kuichuja. Kwa ile feki, mara nyingi vipuri hivyo huachwa ili bei ishuke. Basi kelele inapita kwa waya hadi kwenye simu. Kioo nacho hutambua kidole kwa mabadiliko madogo sana ya umeme, kwa hivyo kinaona vidole ambavyo havipo.

Kuna sheria za kudhibiti kelele hiyo. Marekani wanatumia kanuni za FCC, Sehemu ya 15, na vifaa vya nyumbani vimewekewa masharti makali kuliko vya ofisini na viwandani. Ulaya wana alama ya CE. Ile halali, mkono wa kati wa E ni mfupi kuliko mingine, na herufi hazijabanana. Lakini tuseme ukweli: kwa chaja, kwa kawaida mtengenezaji ndiye hujiwekea alama hiyo kutangaza kwamba amefuata sheria, na wino ni rahisi. Chaja ya bob mia pale stendi inaweza kuwa na alama zote na ndani haina kitu.

Hapa Kenya, simu inafaa iidhinishwe na Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kuuzwa. Mwaka 2012 simu feki zilizimwa kwenye mitandao kwa kutumia IMEI. Ukinunua simu, bonyeza *#06# pale pale dukani. Namba isipofanana na ya kwenye boksi, usitoe pesa.

Kioo kikianza vituko, chomoa chaja kwanza ndipo utume. Soma jina na kiasi kabla ya kuweka PIN. Na kama pesa imeshaenda kwa mtu mwingine, tupigie hapo hapo, kabla hajaitoa kwa wakala.