WAYA WA MSHALE WA GIA: MAELEZO KWA WENYE PIKAPU ZA ZAMANI

Wamiliki wa pikapu za zamani zenye gia za otomatiki, pamoja na madereva na mafundi wanaozihudumia, wanafahamishwa kwamba kukatika kwa waya unaovuta mshale wa gia si kasoro ya kupuuzwa, ijapokuwa gari huendelea kwenda kama kawaida. Maelezo haya yanahusu zaidi pikapu za Ford za mfululizo wa F zilizotengenezwa Marekani baina ya mwaka 1987 na 1996, ambazo mkono wake wa gia umefungwa kwenye nguzo ya usukani wala hauko sakafuni baina ya viti. Gari nyingi zinazoingia Visiwani hutoka Japani na mpangilio wake ni mwengine. Hata hivyo pikapu za Kimarekani ziliuzwa pia katika nchi za Ghuba, na dereva au fundi aliyepata kufanya kazi huko huenda akawa anazifahamu.

Kwanza yafaa ieleweke kazi ya waya wenyewe. Waya unaozungumzwa hapa si ule unaobadilisha gia. Mkono wa gia unapovutwa, mhimili ulio ndani ya nguzo ya usukani huzunguka, na mwisho wake wa chini husukuma viungo vinavyofika hadi kwenye giaboksi. Hiyo ndiyo njia ya kazi. Njia ya habari ni nyengine kabisa. Uzi mwembamba umetiwa kitanzi kwenye pini iliyoko ubavuni mwa mhimili huo, ukapita juu ya nguzo hadi nyuma ya dashibodi, na ncha yake ya pili ikashikishwa kwenye mshale unaotembea chini ya herufi P, R, N, D na tarakimu 2 na 1. Springi ndogo huuvuta mshale upande mmoja, na waya huuvuta upande wa pili. Waya ukikatika, springi hubaki bila ya mpinzani. Mshale huenda ukasimama ukingoni na kukaa hapo daima, gia iwe ipi.

Kwa kuwa giaboksi haina habari ya mkasa huo, dereva wengi huridhika. Huhesabu vituo kwa mkono, husikiliza injini, na baada ya wiki moja husahau kwamba mshale ulikuwepo. Hapo ndipo penye hatari. Anayeijua gari yake huenda asikosee kwa muda mrefu, lakini siku atakapompa ufunguo ndugu yake au kijana wa kuegesha, yule hatakuwa na kitu cha kumwambia kama gari iko kwenye P au iko kwenye R, na vituo hivyo viwili vimepakana.

Madhara ya kuchanganya P na R si jambo la kubuni. Katika miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilipokea malalamiko yapatayo 23,000 juu ya gari za Ford za otomatiki zilizoaminiwa kuwa zimewekwa kwenye P, kisha zikateleza na kurudi nyuma zenyewe. Taarifa hizo zilihusishwa na vifo vya watu 98. Mwaka 1980 kampuni hiyo na serikali zilifikia mapatano, na wenye gari zipatazo milioni 23 wakapelekewa karatasi za kubandika ndani ya gari, zikimkumbusha dereva ahakikishe mkono wa gia umeingia kwenye P sawasawa, afunge breki ya kuegeshea na azime injini kabla ya kushuka. Kasoro iliyolalamikiwa wakati huo haikuwa ya waya wa mshale. Lakini fundisho lake linahusika moja kwa moja: mkono wa gia unaweza kuonekana umetulia kwenye P na kumbe umesimama juu ya mpaka.

Ndiyo maana kanuni ya usalama wa gari ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1968, yenye namba 102, iliagiza kwamba N iwekwe baina ya gia za mbele na gia ya nyuma, kwamba stata isiweze kufanya kazi gia ikiwa ya kwenda mbele au ya kurudi nyuma, na kwamba mpangilio wa gia uonyeshwe mahali ambapo dereva anaweza kuuona. Kabla ya hapo baadhi ya gari ziliweka R mwisho kabisa, baada ya gia ya mwendo mdogo, na aliyehama kutoka gari moja kwenda nyengine aliweza kurudi nyuma huku akidhani anapanda mlima. Mshale wa gia, kwa hivyo, si pambo la dashibodi.

Waya huu hukatika kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni umri. Vishikizo vyake ni vya plastiki, na plastiki iliyokaa miaka thelathini nyuma ya kioo cha mbele, ikipigwa na jua kila siku, huwa kavu kama ganda la yai. Katika nchi za pwani hewa ya chumvi nayo huila sehemu ya chuma. Sababu ya pili ni mikono ya mafundi. Taa ndogo ya dashibodi inapoungua, fundi hufungua skrubu, hulivuta sanduku la mita kuelekea kwake, na waya wa mshale ambao hakuukumbuka hukatika papo hapo. Pengine waya mwingi umekufa kwa namna hii kuliko kwa uzee.

Kazi ya kubadilisha haihitaji zana kubwa: bisibisi, funguo za soketi ndogo, koleo jembamba, taa ya mkono, na kabari nne za magurudumu. Kabari zimetajwa kwa makusudi. Wakati wa kazi gari haitakuwa kwenye P, na kwa hivyo ni lazima isimame mahali tambarare, breki ya kuegeshea ifungwe (katika pikapu hizi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto), na magurudumu yazuiwe mbele na nyuma. Baada ya hapo ufunguo uwashwe bila ya kupiga stata, breki ya mguu ikanyagwe, na mkono wa gia uteremshwe hadi chini kabisa, kwenye 1, ili sanduku la mita lipate nafasi ya kutoka. Hatua hii ifanywe kabla ya kufungua betri, kwa kuwa zipo gari ambazo mkono wake wa gia haukubali kutoka kwenye P bila ya umeme. Kisha ufunguo uzimwe na kichwa cha hasi cha betri kifunguliwe. Pikapu za F-150 za kuanzia mwaka 1994 zina mfuko wa hewa katika usukani. Hizo ziachwe zikae kwa muda baada ya betri kufunguliwa, na nyaya za mfuko huo zisiguswe.

Kifuniko cha chini ya nguzo ya usukani hutolewa kwanza, kisha fremu ya plastiki inayozunguka mita. Fremu hii nayo ni kavu. Ivutwe taratibu, sehemu moja baada ya moja. Kabla ya kugusa skrubu za sanduku la mita, fundi apige taa chini ya nguzo na akitafute kitanzi cha waya kwenye pini ya mhimili. Kama sehemu ya waya ingali imeshika, itolewe kwenye pini, na skrubu ya kishikizo chake ifunguliwe. Baada ya hapo sanduku linaweza kuvutwa nje. Katika gari za kabla ya mwaka 1992 upo pia waya wa spidomita nyuma yake, ambao hufunguliwa kwa kubonyeza klipu yake kwa kidole. Plagi za umeme zivutwe kwa kushikwa plagi yenyewe, si nyaya. Kifaa cha mshale kimefungwa kwa skrubu ndogo upande wa mbele, nyuma ya kioo cha mita. Waya mpya kwa kawaida huuzwa pamoja na kifaa chake, na ni vyema ununuliwe hivyo, kwa sababu kuutoa waya peke yake kwenye plastiki ya zamani ni kutafuta kazi ya pili. Sanduku linaporudishwa, waya upite juu ya nguzo bila ya kupinda wala kubanwa, na kitanzi chake kivishwe kwenye pini.

Mafundi wengi huishia hapo, nao huwa wamefanya nusu ya kazi. Mshale uliokufa humfanya dereva awe na hadhari. Mshale unaosema uongo humfanya aamini. Kwa sababu hiyo kurekebisha kunahitaji subira kuliko kufungua na kufunga.

Mshale hurekebishwa kwenye D, si kwenye P. Mkono wa gia huletwa kwenye D, kisha huning'inizwa kitu chenye uzito, kwa mfano mfuko mdogo wa mchanga, ili ulegevu wote uliomo katika nguzo uishe na mkono uegemee kizuizi cha D chenyewe. Uzito ukiwa ungali unaning'inia, kigurudumu kidogo kilichoko kwenye kishikizo cha waya huzungushwa polepole hadi mshale usimame katikati ya herufi D. Katika pikapu nyingi za Chevrolet za miaka ya 1970 na 1980 hakuna kigurudumu: waya umeshikwa na klipu kwenye ukingo wa kola ya nguzo, na klipu hiyo husogezwa kidogo kidogo huku gia ikiwa kwenye N. Baadaye mkono upitishwe katika kila kituo, na mshale ulingane na kila alama. Ukilingana na D na ukapotea kwenye R, waya umepita vibaya au kitanzi hakikukaa.

Jambo jengine linahitaji jicho la fundi. Iwapo mkono wenyewe umelegea, au gia haiingii pale mkono unapoonyesha, kasoro iko katika viungo vya chini, na mara nyingi ni bushi iliyolika. Katika hali hiyo viungo virekebishwe kwanza na mshale baadaye. Kuuvuta mshale ili ulingane na kiungo kibovu ni kuificha hatari nyuma ya kioo. Hata gari za kisasa hazikusalimika na jambo hili: mwezi wa Juni 2022 kampuni ya Ford iliziita gari milioni 2.9 kwa sababu ya bushi ya waya wa kubadilishia gia, ambayo ikiharibika giaboksi haifuati mkono wa dereva.

Wapo wanaofunga mshipi wa kuvulia mahali pa waya, na Visiwani mshipi haukosekani. Siku ya kwanza hufanya kazi vizuri. Lakini mshipi wa nailoni hurefuka ukivutwa, na joto la nyuma ya dashibodi huuzidishia ulegevu, hata mshale ukarudi nyuma nusu ya herufi bila ya dereva kutambua. Mwenye kulazimika kuutumia akisubiri kifaa autazame kila asubuhi, na asimpe gari mtu mwengine. Kifaa kilichotolewa kwenye gari kuukuu kinaweza kufaa, ila plastiki yake ina umri ule ule wa kile kilichovunjika.

Majaribio hufanywa betri ikisharudishwa, breki ikiwa imefungwa na kabari zikiwa mahali pake, na pasiwe na mtu mbele wala nyuma ya gari. Stata ijaribiwe katika kila kituo: ipige kwenye P na N tu. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, mtu asimame ubavuni atazame taa za kurudi nyuma. Ziwake kwenye R na zizimike kwengine kote. Mwisho injini izimwe, mkono uwekwe kwenye P, kabari na breki ya kuegeshea vilegezwe, na gari isukumwe kwa mabega. Itatikisika kidogo kisha ikatae. Kinachoizuia ni jino moja la chuma ndani ya giaboksi, ambalo halikukusudiwa kubeba gari yenye mzigo mlimani. Breki ya kuegeshea ifungwe kila mara kabla ya kuliachia jino hilo uzito.

Taa ndogo za dashibodi zibadilishwe zote wakati sanduku la mita liko nje, hata zile ambazo bado zinawaka, ili lisihitaji kuvutwa tena kwa ajili ya taa moja.