Dirisha, Kioo na Njia ya Kuokoka Moto
Machi 2001, wanafunzi 67 walifariki katika moto wa bweni la Kyanguli, Machakos, Kenya. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Katika majengo, moshi huua wengi kuliko miali: kaboni monoksaidi hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu huzirai kabla hajajinasua. Kioo cha kawaida hupasuka kwa joto, moshi ukajaza ujia wa kutokea. Hivyo, iwe kituo cha afya au bweni, Zombo hata Kilosa mjini, dirisha linalotazama ujia huo liwekewe kioo kinachostahimili moto, na nondo za madirisha ya nje zifunguke kwa ndani bila ufunguo.